Mkeka wa dansi: rahisi dukani, ghali kibandani

Mwenye kibanda cha gemu mjini Sengerema akitaka kuongeza mapato, kwa kawaida hufikiria televisheni ya pili na pedi nyingine za kuchezea mpira. Ipo bidhaa ambayo wengi hawaitazami: mkeka wa dansi, unaochomekwa kwenye PlayStation mahali pa pedi, mchezaji akakanyaga mishale kwa miguu kufuata muziki. Bidhaa hiyo inaweza kulipa. Hata hivyo, atakayeinunua kwa kuangalia bei peke yake atapoteza mtaji.

Si bidhaa mpya. Bandai ya Japani iliuza mkeka wa aina hiyo kwa mashine za Nintendo mwaka 1986. Konami ilileta Dance Dance Revolution kwenye kumbi za michezo mwaka 1998, na mwaka uliofuata mchezo huo ukaingia majumbani kupitia PlayStation.

Faida yake kwa mwenye kibanda ni muda. Wimbo mmoja huchukua kama dakika moja na nusu, wakati mechi ya mpira inaweza kufika dakika 10. Kwa saa moja, mashine ile ile huhudumia wateja wengi zaidi. Mkeka pia huvuta watazamaji, na Usukumani jambo hilo linaeleweka: katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, mshindi ni yule anayekusanya umati mkubwa.

Tatizo liko ndani ya mkeka wenyewe. Mkeka laini wa bei ya chini ni karatasi mbili za plastiki zilizochapwa njia za umeme, katikati kukiwa na sponji yenye matundu. Mguu ukikanyaga, karatasi hugusana na umeme ukapita. Ulitengenezwa kwa ajili ya mtoto mwenye soksi sebuleni, si kwa sakafu ya saruji yenye vumbi na wateja wa kutwa nzima. Ukikunjwa mara kwa mara, njia hizo hukatika. Mshale mmoja ukifa, biashara imesimama, kwa sababu hakuna mteja atakayelipia hatua zisizohesabiwa.

Chukua mfano. Mkeka wa Sh 40,000 ukidumu siku 30, gharama yake ni zaidi ya Sh 1,300 kwa siku. Wa Sh 100,000 ukidumu siku 180, gharama haifiki Sh 560 kwa siku. Wimbo ukitozwa Sh 200, mkeka wa kwanza unadai nyimbo 7 kila siku kabla ya umeme na pango. Wa pili unadai 3 tu.

Mwenye mtaji mdogo anaweza kurefusha maisha ya mkeka laini kwa kumwendea seremala, ukabandikwa juu ya plaiwudi usiteleze wala kukunjwa. Wateja wavue viatu. Televisheni ya chogo isiuzwe kwa bei ya kutupa: picha yake haichelewi, wakati bapa nyingi huchelewesha picha kidogo, na katika mchezo wa mdundo kuchelewa huko humkosesha mteja alama.

Jambo la mwisho ni plagi. PlayStation ya kwanza na ya pili hutumia plagi moja, lakini mashine za baadaye haziipokei, na ya pili iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa 2013. Asiyeuliza atarudi na mkeka usio na mashine.

Zamani safari ya kwenda Mwanza kununua bidhaa ilitegemea foleni ya kivuko cha Kigongo–Busisi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lizinduliwe Juni 2025, mfanyabiashara wa Sengerema anaweza kuvuka asubuhi na kurudi mchana. Basi na avuke na mashine yake mkononi, akanyage mishale yote minne mbele ya muuzaji, ndipo atoe fedha.