Buibui wa Kwenye Ndoo



Juma hili tulifika katika nyumba moja hapa Tumati, ambako mtoto wa darasa la sita anafuga buibui. Si wale wadogo wa darini, bali yule mkubwa mwenye manyoya, wa jamii ambayo kwa lugha za kigeni huitwa tarantula. Alimfukua shambani wakati wa kulima, akamweka katika ndoo. Majirani wamekwisha kunong'ona kuwa nyumba ile inafuga uchawi, na mama wa mtoto alitusihi tunyunyize maji ya baraka, kisha tumchome moto mdudu.

Maji ya baraka tuliyanyunyiza. Buibui hatukumchoma.

Neno "mchawi" limewaua vikongwe wengi katika nchi yetu. Si neno la kutamkwa kisimani kwa mzaha. Huyu ni kiumbe cha Mungu. Huko Usambara yupo ndugu yake wa rangi ya chungwa, ambaye watu wa Ulaya na Marekani humfuga majumbani mwao kwa mapenzi tu. Jike huweza kuishi zaidi ya miaka 10, dume miaka michache. Akiuma, maumivu ni makali, lakini hakuna kifo cha mtu kinachojulikana. Hata Kanisani buibui ana historia: Mtakatifu Konrad, Askofu wa Konstanz katika karne ya 10, huchorwa akiwa na kalisi yenye buibui, kwani yasimuliwa kuwa mdudu huyo alitumbukia ndani wakati wa Misa ya Pasaka, naye akanywa vyote. (Sisi, twakiri, tungesita kidogo.)

Hata hivyo, mtoto naye tulimkaripia. Ndoo ilikuwa na udongo wa kina cha vidole viwili, tope tupu, nayo imewekwa juani. Tena alikuwa akimtoa buibui ili kuwaonyesha wenzake. Mnyama huyu huchimba shimo na kulitandika utando. Anahitaji udongo mkavu wa kutosha, kisahani cha maji, panzi mmoja kila baada ya siku kadhaa, na kuachwa peke yake, hasa anapojivua ngozi. Akianguka kutoka kimo cha meza, tumbo laweza kupasuka. Katekisimu (na. 2418) yafundisha kwamba kuwatesa wanyama bure ni kinyume cha hadhi ya binadamu. Nao wazee wetu Wairaqw, waliozamisha nyumba zao ubavuni mwa kilima ili adui asizione, wangemwelewa vizuri mwenye shimo.

Mtoto akatuuliza kama anaweza kumuuza kwa wageni. Tulimjibu hapana, tukamweleza kuwa mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi.

Tumepatana amrudishe. Jumamosi, baada ya mafundisho, tutafuatana naye hadi alipomfukua, jua likianza kupungua. Walionong'ona tunawaalika waje waone, ila kwanza wapite kwa mama yule wakamwombe radhi.