Mkono wa Shule Uishie Wapi?

Shule zikifungwa, baadhi ya wanafunzi wa Igembe, Meru, huchuma miraa, na wenzao wa Mbeere, Embu, huchuma muguka, aina ya miraa. Zao hili ndilo linalowalipia wengi karo. Miraa ni halali nchini Kenya, na tangu 2016 sheria inaitambua kuwa zao la biashara. Ndani ya lango la shule, marufuku ya kuitafuna ni ya haki kabisa. Lakini mwalimu mkuu anayemsimamisha mwanafunzi kwa kuwa alionekana likizoni akichuma shambani kwa babake amevuka mpaka. Huko mwenye mamlaka ni mzazi, na penye uhalifu, ni polisi na mahakama.

Wapo watakaosema tabia haivuliwi pamoja na sare. Ni kweli, ndiyo maana siukatai moja kwa moja mkono wa shule nje ya lango: anayemtishia mwenzake kwa simu wakati wa likizo humfanya aogope kurudi darasani, na hapo shule ina wajibu wa kuingilia. Kipimo kiwe madhara kwa wanafunzi na masomo, si aibu kwa jina la shule. Hata hivyo, Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinadai utaratibu wa haki; kwa hiyo mtoto asikilizwe, mzazi akiwepo, kabla ya kuadhibiwa.