GITA LISILO NA MWIMBAJI LIRUHUSIWE JUKWAANI

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu niyatoe yaliyo moyoni. Jambo lenyewe ni la kura iliyopigwa chamani, na mimi ni mmoja wa walioipiga.

Wanachama mtakumbuka kwamba tulipokuwa tukipanga Siku ya Kiswahili, kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliomba dakika nne apige gita peke yake bila kuimba. Ni gita la mbao, si la umeme. Kamati ikamwuliza, ujumbe ni upi? Akajibu hakuna maneno, ni gita tu. Basi kura ikapigwa, sita wakakataa na wawili wakakubali. Katika mikono ile sita mmoja ulikuwa wangu. Tena nilisimama nikasema kwa sauti kubwa kwamba Chama cha Kiswahili ni cha lugha, lugha ni maneno, na asiye na maneno aende Chama cha Muziki. Watu walicheka. Yule kijana alikunja karatasi yake akatoka. Shule yetu haina Chama cha Muziki, na nilipokuwa nikisema hayo nilijua.

Sasa nimebadili mawazo. Walionibadilisha ni guka wangu na santuri moja iliyotengenezwa Marekani mwaka wa 1967.

Zamani guka alifanya kazi katika shamba la Mzungu upande wa Naro Moru. Mzungu huyo alipouza shamba akarudi kwao, vitu vya nyumba vilinadiwa, na guka akanunua gramafoni pamoja na sanduku la santuri kwa bei ambayo mpaka leo amekataa kuitaja, kwa sababu cucu huwa karibu. Gramafoni yenyewe ilikuwa imelala miaka mingi. Likizo ya Aprili niliipeleka kwa fundi Karatina, akaitia sindano mpya. Santuri nyingi zilikuwa zimekwaruzika vibaya, zikilia kama mahindi yanayokaangwa. Moja ilikuwa safi. Jina lake ni Super Psychedelics, na bendi ni The Ventures.

Hawa Ventures wacha niwaeleze kidogo. Bendi ilianzishwa mwaka wa 1958 huko Tacoma, jimbo la Washington, na vijana wawili, Don Wilson na Bob Bogle. Walikuwa watu wa mjengo, yaani wa mawe na saruji, kama hawa tunaowapita kila asubuhi tukija shuleni. Mwaka wa 1960 kipande chao Walk, Don't Run kilifika nambari 2 katika orodha ya Marekani, na hakuna mtu aliyefungua kinywa ndani yake. Ni magita na ngoma basi. Ilipofika 1967 muziki wa roki ulikuwa umegeuka. Watu walikuwa wakiupotosha mlio wa gita makusudi, wakiongeza mwangwi, wakicheza kanda kinyumenyume, na mtindo huo ukaitwa saikedelia. Jina hilo lilihusishwa na dawa za kulevya, kwa hivyo naharakisha kumwambia mwalimu wa nidhamu kwamba mimi nimeonja muziki tu. The Ventures waliona soko linakoelekea nao wakalifuata, huku Nokie Edwards akishika gita la kuongoza na Mel Taylor akipiga ngoma.

Sitawadanganya kwamba kila kipande ni kitamu. Mle ndani mna nyimbo za wenyewe, mbili za Beatles na ile Happy Together ya The Turtles, na hizo kwangu ni ugali bila mboga. Zilizaliwa na maneno kisha zikanyang'anywa. Lakini zile zilizozaliwa bila maneno ni mambo mengine kabisa! Katika Guitar Psychedelics gita linavuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Baadaye nilisoma kwamba mlio huo wa kuvuma hawakuanza nao hapo. Mwaka wa 1962 walikuwa wamekwisha toa kipande walichokiita Nyuki wa Ratili 2000, yaani The 2000 Pound Bee. Kuna kingine kwenye santuri kinaitwa 1999 A.D. Wao walikuwa wakiuwazia mwaka uliokuwa mbali sana mbele yao, na mwaka huo ulipita kabla mimi sijazaliwa. Nilikisikiliza mara tatu kwa ajili ya jina tu.

Nilimwuliza guka kwa nini hii ndiyo santuri aliyoitunza. Akacheka. "Zile zingine za Kiingereza sikujua kama zinanitukana," akasema. "Hawa hawakuwa na Kiingereza. Tulielewana."

Jibu hilo lilinichoma. Baadaye nikagundua kwamba Wajapani walikuwa wamefikiri kama guka. The Ventures walipozuru Japani mwaka wa 1965, vijana wa huko walishikwa na wazimu wa gita la umeme, na bendi ikaendelea kurudi huko miaka nenda miaka rudi. Kijana wa Tokyo hakuhitaji kamusi ili amfuate Nokie Edwards.

Nasikia mtu akisema, hayo ni ya Marekani na Japani, sisi ni Waswahili wa chama. Haya, twende Unguja. Taarabu, ambayo hapa shuleni tunaisifu katika kila insha ya utamaduni, ina kitu kinachoitwa bashrafu. Ni kipande cha ala tupu. Fidla, kanuni, udi na wenzao wanapiga pamoja kufungua shughuli, na mwimbaji bado ameketi. Vikundi vya Unguja kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, vimepiga bashrafu vizazi na vizazi. Je, kamati yetu ingewaambia nao warudi nyumbani kwa kukosa ujumbe? Na ile siwa ya Lamu na Pate, pembe kubwa iliyopulizwa katika sherehe za wenye enzi, ilikuwa na beti ngapi?

Lakini kilichonimaliza kabisa si Unguja. Wakati wa likizo fupi niliwaalika wenzangu watano nyumbani, nikawapigia upande mmoja wa ile santuri, nikampa kila mmoja karatasi aandike kwa Kiswahili alichosikia. Mmoja aliandika matatu iliyojaa ikipanda mlima huku gia ikikataa kuingia. Mwingine aliandika ukungu ukiondoka Kirinyaga asubuhi, kidogo kidogo, mpaka theluji ikaonekana. Msichana mmoja aliandika mizinga ya nyuki ya guka wake Mweiga, naye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu nyuki. Tuliketi zaidi ya saa nzima tukibishana iwapo ule mlio ni kuvuma au kunguruma, mtetemo au mwangwi, na kama gita hulia ama hulalama. Kamusi ilipasuka jalada. Mimi ni mwanachama tangu Kidato cha Kwanza na sijawahi kuona mkutano wetu ukipigania maneno namna hiyo. Tukiimba kwaya, mtu husikia maneno yaliyoandikwa na mwingine, hupiga makofi akaenda zake. Hapa maneno yalikuwa hayapo, ikabidi tuyatafute wenyewe.

Kwa hivyo ombi langu kwa kamati na kwa mwalimu mlezi ni hili. Siku ya Kiswahili ijayo iwe na kipande kimoja cha ala tupu, kiwe gita, kiwe wandindi, kiwe filimbi. Mpigaji asimame kwanza aeleze kwa Kiswahili sanifu atakachopiga, kisha apige. Akimaliza, watazamaji watatu waitwe waseme walichosikia. Anayeogopa kwamba lugha itapotea aje aketi mbele asikie.

Mkutano wa kupanga ni muhula ujao, na nitaomba kura irudiwe. Sita wenzangu, yaani watano, nimekwisha zungumza na wawili wao. Mmoja amekubali, mwingine anasema atafikiri.

Yule kijana wa Kidato cha Pili nilimtafuta nikamwomba msamaha, akasema si neno. Nikamwuliza kama bado anafanya mazoezi. Akanijibu gita lina nyuzi nne, mbili zilikatika na hajapata za kuweka. Nyuzi zinauzwa mjini Nyeri. Tumeanza kuchanga.