Jukwaa letu lianzie kwa mwenye simu ndogo

Vijana wa Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kolwezi na Kasumbalesa!

Tangu miezi tunasikia ile sauti: tujenge jukwaa letu la mtandao, vikundi vya miji yote vikutane bila kulipa gari kila juma. Wazo ni muzuri. Kutoka hapa Makomeno mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300, na franga hatuna. Lakini mbele ya kuandika hata mustari moja ya programu, tuulizane: tunamujengea nani?

Angalieni vile tunafanya leo. Mukutano unaitwa usiku, kwa vidio. Mwenye wifi anaingia. Mwenzake anaingia dakika kumi, mega inaisha, anatoka. Kesho yake anasoma: "Tumekubaliana." Nani alikubali? Saa moja ya vidio inaweza kula mamia ya mega. Mesaji ya kuandika inakula kidogo sana. Anayechagua vidio kama njia ya kuamua, anachagua pia nani ataamua. Na bei ya uniti tunaijua sisi wote: tangu 2020 kodi ya RAM ilikuwa inakata uniti ndani ya simu zetu, mpaka ikaondolewa mwaka 2022 kisha raia kupiga kelele sana. Tuliikataa ile kodi. Sasa sisi wenyewe tuweke ingine ndani ya nyumba yetu?

Kwa hiyo ya kwanza: uamuzi wote upite kwa maandishi, na ubaki wazi siku tatu. Umeme ukirudi, mutu anasoma, anajibu. Vidio ibaki ya kuonana sura tu.

Ya pili: tujenge lupango, tusijenge ofisi. Tukikutana Makomeno, mutu anaingia lupangoni, anasalimia, anauliza habari ya mama mugonjwa, ya kilio, ya kazi. Mukutano unakuja nyuma. Pale njo tunajua nani amelala na njaa. Kwa simu tunafungua na ajenda, tunafunga na ajenda. Jukwaa liwe na mahali pa kusalimiana tu, na kila mutu awe ndani ya kikundi kidogo cha watu watano ao sita. Kila siku mutu aandike neno moja: "Niko." Siku mbili bila neno, mwenzake wa karibu anaenda kumutafuta kwa miguu. Mwana harakati akinyamaza inaweza kuwa homa, inaweza kuwa kasho. Programu haiwezi kugonga mulango. Inaweza paka kutuambia mulango gani tugonge.

Ya tatu: tujenge tukijua kama siku ingine watakata. Tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano, intaneti na mesaji vilikatwa inchi nzima. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, walikata tena, na intaneti ilikaa karibu siku 20 bila kurudi. Kwa siku kama hizo, kila mutu ajue kwa kichwa nyumba mbili za wenzake. Kwa kichwa, si kwa karatasi, wala kwa orodha ndani ya simu, sababu simu inaweza kukamatwa. Ni vile vile kwa mazungumuzo: Signal inaweza kufuta mesaji yenyewe kisha muda tunaopanga. Tuitumie.

Kuko wenye kusema hatuna uwezo. Januari 2008, Kenya ilikuwa inaungua kisha uchaguzi. Ory Okolloh, mwanasheria Mukenya, alikuwa Johannesburg. Aliomba wenye kujua programu wasaidie kuweka mashambulizi kwa karta. Wengine waliomujibu walikuwa Marekani. Kwa siku chache, kila mutu kwake, walijenga Ushahidi: raia anatuma habari kwa mesaji ya simu ao kwa intaneti, inaonekana kwa karta. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, ilitumiwa hapa Congo kwa vita ya Kivu. Hawakungojea ofisi. Walianzia kwa kile raia alikuwa nacho mukononi.

Basi jaribio ni hili. Kila kikundi kichukue simu ya chini kuliko zote iliyo ndani yake, na mwenye ile simu awe wa kwanza kujaribu. Akishindwa kuingia, kusoma na kutoa sauti yake, tunarudia kazi, hata kama kwa simu ya bei inapendeza macho. Yeye njo atatuambia kama jukwaa limekwisha.

Hakuna wa kubaki inje. Tuko pamoja.