Na binti naye tumpeleke

Nimetoka zamu ya usiku, nimefika Qantab alfajiri, wavuvi wanavuta mashua zao ufukweni. Kulala kumenishinda. Leo nina langu moyoni, na wakubwa zangu mtanisamehe.

Sitamtaja mtu, wahusika wanajijua. Kijana wetu alipoingia kwenye unga tulichanga wote, akapelekwa soba hausi. Vizuri sana. Sasa naambiwa binti, miaka 18, naye anavuta tangu ana 16. Na dawa yake? Eti aolewe haraka, atatulia. Jamani!

Niseme kama nesi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ya raha, ile inayotufanya turudie kitu kitamu, na inafanya kazi kwa kemikali iitwayo dopamini. Ujanani sehemu hiyo imeshachangamka, lakini sehemu ya mbele, ya kujizuia, huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo maana dawa za kulevya huwanasa vijana kirahisi. Hayo ni kwa wote, wa kike na wa kiume.

Ila kuna tofauti. Majaribio ya panya yameonyesha kuwa homoni ya kike, estrojeni, huongeza dopamini katika sehemu hiyo. Na kwa watu, tafiti nyingi zimeona wanawake wanaotumia ni wachache kuliko wanaume, lakini wakishaanza, njia ya kutoka kuonja hadi kushindwa kuacha mara nyingi huwa fupi zaidi. Sisemi ubongo wa msichana ni dhaifu. Tofauti zenyewe si kubwa, na si kila binti yuko hivyo. Nasema tu kwamba kumsubirisha binti ni hatari.

Na sisi ndio tunaomsubirisha. Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni mwaka 2011, wanawake waliofika walikuwa wachache mno kuliko wanaume. Si kwamba hawakuwepo mitaani. Mwanamume akiwa teja tunasema kapotea, mwanamke tunasema katutia aibu, basi anafichwa. Anayefichwa hatibiwi.

Arosto haijui kama umevaa shela. Mkimwoza leo, mtakuwa na nyumba mbili zinazolia badala ya moja, na pengine kichanga juu yake.

Ombi langu ni hili: posa isimame. Mama yake ampeleke Kidongo Chekundu, ambako methadoni inatolewa tangu 2015, apimwe na waseme wataalamu kinachomfaa. Pesa nilizoweka kwa ajili ya harusi nitazituma zote kwa matibabu na nauli. Kwa harusi sitoi hata baisa moja.

Nasubiri simu yenu. Zamu yangu inaanza saa moja usiku, kabla ya hapo nipo macho.