Albamu ya kwanza isirekodiwe kwa saa za makombo

Vijana wenye bendi wanaofika studio ninakofanya kazi, hapa Unguja, huniuliza mara nyingi: "Kaka, Freddie Mercury si wa kwetu? Yeye alitokaje?" Ni wa kwetu kwa kuzaliwa. Alizaliwa Mji Mkongwe Septemba 5, 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964. Shangani kuna makumbusho yake, na wageni hupiga picha mlangoni. Lakini kijana anayetaka kujua Freddie alitokaje, mimi humpa albamu ya kwanza ya bendi yake, Queen, iliyotoka Julai 13, 1973. Kwa sisi mafundi mitambo, ile albamu ina somo ambalo wengi wanalisimulia kinyume.

Mwaka 1971 studio za De Lane Lea zilikuwa zimehamia majengo mapya Wembley, na wenyewe walitaka bendi ya kupiga kwa sauti kubwa ili wajaribu mitambo na kuta. Queen wakakubali. Malipo yao yalikuwa kurekodi nyimbo zao tano za majaribio. Walipiga kwa nafasi, sauti ikatoka kama walivyoitaka, na Brian May, mpiga gitaa wao, amesema mara kadhaa kwamba aliipenda kuliko ile iliyokuja kuuzwa.

Mwaka uliofuata wakaingia Trident, studio maarufu ya mtaa wa Soho, London. Mchana ulikuwa wa wateja wanaolipa, watu wa hadhi ya David Bowie na Elton John. Queen walipewa muda uliobaki: wakae wasubiri, studio ikiwa wazi waingie, aghalabu usiku wa manane hadi kukikucha. Mpiga dramu wao, Roger Taylor, alilazimika kupiga dramu za studio badala ya zake, ndani ya kibanda kidogo kilichomeza mlio wote. Maprodyuza, Roy Thomas Baker na John Anthony, walikuwa hodari, ila hodari naye huhitaji muda. Wimbo mmoja, "Mad the Swine", uliachwa kwa sababu bendi na Baker hawakuafikiana kuhusu mlio wa dramu.

Kazi ilipokamilika ilikaa miezi mingi ikisubiri kampuni ya kuitoa. Wimbo wa kwanza kuuzwa, "Keep Yourself Alive", ulikataliwa na Radio 1 ya BBC zaidi ya mara moja, na haukuingia kwenye chati ya Uingereza. Albamu yenyewe ilipanda hadi nafasi ya 24 mwaka 1974 tu, baada ya albamu ya pili kuwafungulia mlango.

Watu husimulia kisa hiki kama sifa ya shida: tazama, waliteseka, wakashinda. Mvumilivu hula mbivu. Mimi ninayekaa mbele ya mitambo siwezi kukubali. Zile saa za usiku hazikuipa albamu hiyo chochote, ziliipunguzia. Sikiliza dramu zake, zimebanwa, hazina hewa. Na ushahidi umetolewa na wenyewe: Oktoba 2024 May na Taylor waliitoa upya, sauti zikiwa zimechanganywa upya, dramu zimepewa mlio waliokuwa wakiutaka, na "Mad the Swine" umerudishwa mahali pake. Miaka 51 kusahihisha kilichoharibiwa na ratiba! Freddie hakuwapo kusikia. Alifariki Novemba 1991.

Naandika haya kwa sababu ninayaona kwetu. Mchana studio zinarekodi matangazo ya biashara na nyimbo za kampeni, kwa kuwa ndizo zinazolipa. Bendi changa inaambiwa ije saa sita usiku. Mwimbaji anafika koo limechoka, mpiga besi anasinzia, nami nimeshachoka kusikiliza. Alfajiri tunakubali pigo ambalo mchana tungelirudia. Kisha redio inasikiliza sekunde chache na kusema vijana hawajakomaa.

Walikomaa. Kilichokosekana ni muda. Queen walinusurika kwa sababu walipata nafasi ya kurekodi albamu ya pili. Bendi nyingi za hapa hazifiki hapo, maana ya kwanza ikisikika vibaya hakuna anayeuliza tena.

Basi namwomba kila mwenye studio atenge angalau mchana mmoja kwa wiki kwa bendi inayorekodi albamu yake ya kwanza, kwa bei ileile ya usiku. Nawaomba watangazaji wasikilize wimbo hadi mwisho kabla ya kuukataa. Na nyie vijana, mkipewa saa za usiku pekee, rekodini nyimbo chache, mzirekodi vizuri. Albamu nzima iliyorekodiwa kwa uchovu itabaki na jina lenu.