Tusikiache Kihadza kife

Mhariri,

Kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadza takribani 1,000 huzungumza lugha isiyo na udugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote duniani. Nimemsikia mzee akimfundisha mjukuu wake kumfuata ndege aongozaye watu kwenye asali: kwanza mluzi, kisha maneno yenye vidoko vya ulimi. Darasani mtoto huyo hufundishwa kwa Kiswahili tu. Nakipenda Kiswahili, lakini mkubwa hapaswi kummeza mdogo.

Umoja wa Mataifa umetenga miaka ya 2022 hadi 2032 kwa ajili ya lugha za asili. Naiomba serikali iruhusu Kihadza katika madarasa ya awali, na redio za jamii ziwarekodi wazee sasa. Mzee akishazikwa, hakuna wa kumuuliza jina la mti.

Msomaji wako,
Karatu